Sungura Ndani ya Biblia

Docus alimkabidhi mjukuu wake Biblia kwa mikono miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti cha pekee chenye mgongo.

"Macho yangu imekataa," alisema. "Baba yako alinipigia simu akajigamba kwamba wewe ndiye nambari moja kwa kusoma huko Jinja. Haya, nisomee. Popote tu. Mungu hana ukurasa mbaya."

Walikuwa barazani kwake Namakwekwe, Mbale, mlima Wanale ukiwa nyuma yao umejifunika ukungu kama mgonjwa. Biblia ilikuwa ya Kiingereza, ya marehemu mumewe aliyekuwa mzee wa kanisa. Docus mwenyewe hakukisoma Kiingereza, ila alikisikia. Alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wamisionari, na Kiingereza cha jikoni hakikumpita hata kikinong'onezwa. Kando yake mkwewe Akoth alikuwa anamenya matoke, shingo imerefuka kwa fahari. Mwanamke huyo aliuza mitumba ya watoto katika soko kuu la Jinja, na sauti yake sokoni ilisikika kabla mtu hajaliona soko lenyewe. Leo alinyamaza kwa hiari. Alitaka mama mkwe asikie.

Mitchelle, binti wa darasa la tatu, alifungua popote. Akasafisha koo, akaweka kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa, akaanza. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapumzika penye nukta. Docus alifumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu.

"Amina," akasema. Punde tena, "Amina."

Kisha akafumbua jicho moja.

"Ngoja kwanza. Ni nani huyo amemwambia fisi alete sufuria?"

"Sungura, Kukhu," akajibu Mitchelle, akimwita kama wajukuu wote wanavyomwita bibi.

"Sungura."

"Ndiyo, Kukhu."

"Nimesikia kunguru akimletea nabii mkate. Nimesikia punda akisema. Huyu wa sufuria ni wa agano gani?"

Akoth ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha kusukuma mambo mbele yasisimame. Lakini mambo yalisimama. Aliweka kisu chini, akajipangusa utomvu mikononi, akaja kuchungulia. Kidole cha binti yake kilikuwa katikati ya Kitabu cha Hesabu, juu ya majina ya wana wa Israeli ukoo kwa ukoo. Sungura hakuwamo.

"Hili ni neno gani?" Akoth akagusa moja.

Mitchelle hakulitazama neno. Aliutazama uso wa mama yake, kama mtu anayetafuta kitu mahali kilipozoea kuwekwa.

"Basi hili dogo. Hili lenye herufi tatu tu."

"Fisi?" akauliza mtoto kwa sauti ya chini.

Mkono wa Akoth ulipanda wenyewe. Docus akaudaka hewani. Macho yalikuwa yamekataa, lakini mikono bado ilikuwa ya mpishi.

"Usimpige. Wimbo aliyofundishwa ameiimba vizuri. Nenda ukamtafute mwimbishaji."

*

Jumatatu Akoth alimwachia mwenzake meza ya mitumba, akashika njia ya Mafubira, iliko shule. Njiani alikuwa amepanga maneno yake kwa mafungu, kama anavyopanga nguo: makali juu, makali zaidi chini yake.

Hedimasta, Bwana Obura, alimpokea kwa tabasamu la mtu anayetarajia wageni wakubwa na anayejizoeza kwa wadogo. Tai yake ilikuwa mpya. Mbele ya ofisi mafundi walikuwa wanapaka rangi mlango wa chuma ulioandikwa juu yake Chumba cha Kusoma.

"Mama Mitchelle! Umekuja kushukuru."

"Nimekuja kuuliza. Mtoto wangu hajui kusoma."

Obura alicheka mpaka tai ikachezacheza. "Mzazi, wewe! Katika darasa lile zima, wako ndiye anayesoma ukurasa mzima bila kumeza mate."

"Anausoma hata kitabu kikiwa kimefungwa, hedimasta. Juzi amemsomea bibi yake sungura na fisi ndani ya Biblia."

Karani aliyekuwa kwenye meza ya pembeni aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Obura hakucheka tena. Alisimama, akafungua kufuli, akamsukumia Akoth ule mlango wa chuma kama anayefungua hazina.

Na kwa kweli ilikuwa hazina. Rafu kutoka sakafuni mpaka darini, zimejaa vitabu vyenye rangi za kila namna, vilivyotumwa na wafadhili. Vimepangwa vyekundu na vyekundu, vya kijani na vya kijani, kama soda kwenye kreti. Kila kimoja kilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni. Chumba kilinuka kama duka jipya la viatu.

"Shule gani Jinja hii ina kitu kama hiki?" Obura akauliza.

Akoth alisahau hasira kwa kitambo. Akanyoosha mkono kwenye kimoja.

"Taratibu, mama, taratibu. Usiguse."

"Watoto wanaingia siku gani?"

"Wataingia. Wakishakomaa. Mtoto wa hapa mkono wake una embe, una ugali, una kamasi. Ukimwachia kitabu hiki wiki moja, wageni watakuta nini?"

"Kwani vililetwa vije vipigwe picha?"

Hapo alikuwa amekanyaga mkia. Obura alifunga mlango, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha, kisha akamgeukia kwa upole ule unaouma kuliko kofi.

"Mama, wewe unauza nini?"

"Nguo za watoto. Mitumba."

"Vizuri. Je, mimi nimewahi kuja sokoni nikakufundisha kukunja suruali?"

Karani safari hii hakujificha. Alicheka wazi, na fundi mmoja wa rangi akacheka naye, bila hata kujua kinachochekwa. Akoth, ambaye sokoni angemjibu mtu huyo mpaka akasahau njia ya kwao, alisikia maneno yote aliyoyapanga yakimwanguka miguuni. Kuna watu husoma vitabu ili wajue mengi. Wengine husoma ili wapate mahali pa kusimama wakikutemea mate.

"Nisikilize sasa," Obura akaendelea, tabasamu limerudi kazini. "Siku ya kufunga muhula wageni watakuja kukifungua chumba hiki. Mitchelle ndiye nimemchagua asome mbele yao. Na mtoto atakayesoma siku hiyo, bodi imekubali, mwaka ujao mzima hatalipa karo. Nenda ukamweleze mumeo. Nadhani yeye ataelewa."

*

Akoth hakwenda kwa mumewe. Alizunguka nyuma ya madarasa, akaenda kumtafuta mwimbishaji.

Alimsikia kabla ya kumwona. Darasa la tatu lilikuwa linanguruma kama kinu cha kukoboa mahindi: mwalimu anasema mstari, watoto wanaurudisha, anasema, wanaurudisha. Akoth alichungulia dirishani. Kitabu kilikuwa kimoja tu, mkononi mwa Mwalimu Gaster. Watoto walibanana kwenye madawati kama viazi guniani. Wa mbele walimtazama mwalimu mdomoni. Wa nyuma walitazama dari, na mmoja alikuwa anasuka nywele za mwenzake huku akitamka sungura na fisi bila kosa hata moja.

"Wewe mwalimu!" Akoth akaita. "Toka nje!"

Gaster alitoka. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri mbele, nyuma limesahauliwa. Chaki ilikuwa imemwingia hadi kwenye nyusi.

"Mama Mitchelle, karibu."

"Usinikaribishe. Unamfundisha mtoto wangu nini? Kasuku wa Mwarabu pale mjini angefaulu mtihani wako!"

"Angefaulu," Gaster akakubali.

Ukiwa umejiandaa kusukuma mlango, kisha ukaukuta wazi, utaanguka. Akoth karibu aanguke.

"Unakubali?"

"Nikatae nini na wewe umeona kwa dirisha? Kitabu iko moja. Nasoma, wanafuata. Wakijua ukurasa kwa kichwa, hedi anapita na wageni, wanapiga makofi. Hiyo ndiyo hapa tunaita kusoma. Nilimwomba ile vitabu ya ndani, hata kumi tu. Akaniuliza kama nimechoka na kazi."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema sijachoka."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Akoth alitaka kumhurumia na kumzaba kibao, vyote kwa mkupuo mmoja. Kumbe mwalimu hakuwa amemaliza.

"Sasa na mimi nikuulize, mama, usikasirike. Kazi ya nyumbani ya Mitchelle inarudi imenyooka kama gwaride la wanajeshi wa kambi ya Kimaka. Nani anaiandika?"

Akoth akasita. "Baba yake humsaidia."

"Nani anamsomea swali?"

"Mimi. Nikitoka sokoni nimechoka, naye anavuta, anavuta, neno moja kutwa..."

"Akivuta unafanya nini?"

"Namwambia. Nisimwambie? Chakula kiko motoni."

Mwalimu Gaster alipangusa chaki kwenye nyusi, akaihamishia kwenye paji la uso.

"Basi sisi hapa tunamtafunia, ninyi huko mnamtafunia, halafu sote tunashangaa mtoto hana meno."

Hakuna kinachochoma kama kwenda kwa watu na rungu, ukarudishiwa kioo. Akoth alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Hapo hapo," Gaster akasema haraka, akiuelekezea kidole mdomo ule. "Hiyo ndiyo dawa. Mpe kitu chochote chenye maneno, asome mwenyewe. Akikwama usimtajie. Mwulize herufi ya kwanza inalia namna gani, kisha nyamaza. Nyamaza mpaka tumbo likuume."

Kutoka darasani ukasikika mlio wa dawati linaloanguka, na mwalimu akakimbia kurudi.

*

Kumwambia Akoth anyamaze ilikuwa sawa na kumwambia boda asipige honi. Lakini alikuwa na hasira, na hasira ya mwanamke yule ilikuwa na sifa moja: ikishapata kazi, haikutoroka.

Nyumbani kwao ni Walukuba, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na jirani. Vitabu havikuwamo. Basi Akoth akaanza na vilivyokuwamo. Karatasi ya sabuni. Kalenda ya kanisa. Kipande cha gazeti alichofungiwa rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, kikiwa bado kinang'aa mafuta. Kila jioni, ugali kabla haujasongwa, Mitchelle aliketi kwenye kigoda akiwa na karatasi yake, mama naye akaketi mbele yake, midomo imebanwa.

Jioni ya kwanza mtoto alilia. Alitazama neno, akatazama uso wa mama, akatazama neno. Usoni mwa mama hakukuwa na jibu. Palikuwa na jasho.

"Mama, nisaidie."

"Herufi ya kwanza inalia namna gani?"

"Sijui."

"Unaijua."

"Mama, wewe siku hizi hunipendi?"

Akoth aliuma ncha ya leso yake. Neno lilikuwa sabuni, jamani, sabuni tu, kwa Kiingereza cha kawaida, na picha ya povu iko pale pale! Lilikuwa linamwasha ulimini kama pilipili. Hakulisema. Mboga ikaungua.

Jioni ya tatu Khadija, jirani yao, mwanamke wa Kinubi anayekaanga sambusa, akagonga ukutani.

"Mama Mitchelle! Ni salama huko? Siku ya tatu hii sikusikii. Ni jino?"

"Ni somo," Akoth akajibu.

"Haya bibi. Ikiwa ni somo, lidumu. Sisi huku tumepata usingizi."

Wabwire, baba wa nyumba, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa mikono mikubwa na moyo mwepesi. Kwake, mtoto kukwama ilikuwa kama mwiba katika unyayo wake mwenyewe. Alivumilia jioni mbili. Ya tatu Mitchelle alikuwa anapigana na neno kwenye karatasi ya unga wa ngano, amefika katikati, amebakiza kidogo tu, na baba akalitapika neno zima.

"Si hilo! Sema, mama, sema!"

Mitchelle akalirudisha mara moja, kwa sauti nzuri ya shuleni, akaweka karatasi chini. Vita imeisha. Akoth alimtazama mumewe kama mtu anavyomtazama aliyemmwagia maziwa.

"Toka nje."

"Kwani nimefanya nini? Nimemsaidia mtoto!"

"Umemwibia. Toka ukazungumze na mbuzi wa Khadija."

Alitoka kweli, fundi mzima, akakaa nje na mbuzi. Lakini siku zikasogea, na kitu kikaanza kutokea pale kwenye kigoda. Mtoto aliacha kutazama uso wa mama. Alikunja ndita, akaivuta karatasi karibu na pua, akatafuna sauti moja moja, akairudia, akaitupa, akaiokota. Jioni moja alisoma mstari mzima wa gazeti. Ulikuwa unahusu bei ya saruji. Alipofika mwisho akainua kichwa kwa mshangao, kama aliyepanda ngazi gizani akakanyaga ghorofa.

"Mama! Saruji imepanda!"

Hakuna aliyewahi kufurahia kupanda kwa saruji namna ile. Wabwire alisikia kutoka nje akaingia mbio, na safari hii hakusema neno. Alimbeba tu.

Ndiyo maana usiku wa kuzungumzia sherehe ulikuwa mgumu. Wabwire alisubiri mpaka wamemaliza kula.

"Mama Mitchelle. Kesho kutwa ndiyo sherehe."

"Najua."

"Saruji amesoma, nimefurahi. Lakini mstari ule mmoja umemchukua muda wa mimi kunywa chai na kuirudia. Mbele ya wageni watamcheka. Ile ya sungura anaijua. Aiseme tu. Mwaka mzima bila karo, mke wangu. Mwaka mzima hatutaitwa kwenye lile geti la shule na majina yetu kusomwa mbele ya watu. Umesahau muhula uliopita?"

Hakuwa amesahau. Muhula uliopita Mitchelle alirudishwa nyumbani mara mbili katikati ya somo, mkoba mgongoni, akapita barabara nzima ya Walukuba wakati wenzake wakiwa darasani. Kila jirani aliuliza "kulikoni?" huku akijua.

Akoth aliangalia sufuria. Wiki hizi zote alikuwa amewakasirikia watu wengi: Obura, karani, Gaster, mumewe. Sasa alijikuta amefika kwenye foleni ile ile waliyosimama wote, na zamu yake imefika.

"Mitchelle," akaita. "Siku ile utasoma ile ya sungura."

"Ile ya kichwani?"

"Ndiyo."

"Nishike kitabu au nisishike?"

"Ushike."

Mtoto alifikiri. "Kwa hiyo nitajifanya."

Hakuna aliyemjibu. Safari hii kunyamaza hakukuwa somo.

*

Siku ya sherehe mahema yalifungwa uwanjani, spika zikapiga kelele tangu alfajiri. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma. Mbele viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe kwa ajili ya wageni. Akoth na Wabwire walikaribishwa safu ya pili, heshima ambayo hawakuwahi kupewa, na karani yule yule aliwaletea maji ya chupa.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Kwa ajili ya siku hiyo Obura alikuwa ameamuru rafu moja itolewe nje, vitabu vyake vikavuliwa nailoni, vikasimamishwa kwenye meza kama mabibi harusi. Mgeni mkuu, mama mnene mwenye miwani kutoka Kampala, alikata utepe, akapigwa picha na kitabu, akakirudisha. Mwingine akapigwa picha na kingine, akakirudisha.

"Na sasa," Obura akanguruma kwenye kipaza sauti, "tunda la Chumba chetu cha Kusoma! Mtoto ambaye hajawahi hata siku moja kushindwa na neno!"

Mitchelle alipita mbele, soksi zimevutwa mpaka magotini. Kitabu cha sungura kilikuwa kimewekewa stendi. Alikifikia. Akakifungua. Kisha macho yake yakahama.

Kwenye meza, kwa mkono wake wa kushoto, palikuwa na kitabu chenye picha ya mbuzi amepakiwa kwenye boda, amekaa wima nyuma ya dereva kama abiria aliyelipa, sikio moja likipepea. Mtoto alimtazama mbuzi. Akamtazama sungura. Akoth, safu ya pili, aliona ndita ikijikunja katikati ya nyusi za binti yake, akaijua ndita ile.

"Hapana," akanong'ona Wabwire. "Hapana, mwanangu, hapana."

Mitchelle alinyoosha mkono, akachukua kitabu cha mbuzi. Akakiweka juu ya kile kingine. Akafungua ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari.

Neno la kwanza alilipata. La pili alilipata. La tatu lilikuwa refu. Akasimama.

Spika zilitoa mlio mwembamba. Mtoto alitafuna sauti ya kwanza kwenye kipaza sauti, kila mtu akaisikia, akairudia, akaongeza ya pili. Mzazi mmoja nyuma akacheka. Akoth alikwishalijua neno lile kwa sauti hizo mbili, na wazazi wote wenye masikio walilijua pia. Uwanja mzima ulikuwa na jibu mdomoni. Wabwire alivuta pumzi. Akoth akamshika paja, akalifinya mpaka mume akang'ata meno.

Mitchelle alilipata neno. Hakuna aliyepiga makofi. Akaendelea na la nne.

Obura alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilibaki peke yake, macho yalikwishaondoka. Alisogea kwenye kipaza sauti, mkono begani kwa mtoto.

"Asante sana, Mitchelle, asante! Wageni wetu wana safari ndefu. Keti."

"Sijamaliza," Mitchelle akasema. Hakuwa mjeuri. Alikuwa anampa habari.

Watu wakaguna. Obura akakiinua kipaza sauti kutoka kwenye stendi, akaondoka nacho, akampungia mkono Mwalimu Gaster aliyesimama na kwaya kando ya hema. Gaster alimtazama Mitchelle. Alimtazama hedi. Akaangalia viatu vyake. Kisha akainua mikono yote miwili, na ngoma zikalia.

Kwaya ikapasuka kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni. Wazazi wakapiga makofi kwa furaha ya kuokolewa aibu, akina mama wakapiga vigelegele, mgeni mkuu akasimama akayumbisha mabega. Katikati ya kelele hizo zote mtoto mmoja alikuwa amesimama pale pale, pua karibu na karatasi, midomo ikienda. Hakuna aliyemsikia. Kidole kilisogea, kikasimama, kikasogea.

Obura alizunguka viti mpaka safu ya pili, akainama katikati ya Akoth na mumewe. Alinuka manukato na jasho.

"Mama, mwite mtoto wako. Mwite sasa hivi, au msamaha wa karo sahauni, na mwakani mtafute shule nyingine."

Maneno yalimjaa Akoth mpaka kooni, mabichi, ya sokoni, ya kumvua mtu tai na suruali. Aliyaacha huko huko. Hakumgeukia. Ilikuwa lazima afuate kidole kile.

"Mzee!" Obura akamgeukia Wabwire. "Wewe ndiye mwanamume!"

Wabwire alikuwa amenyoosha shingo, anachungulia juu ya kofia ya mgeni.

"Nenda pembeni kidogo, hedimasta," akasema. "Unanizibia. Sijui kama lile la mwisho amelipata."

Wimbo ukafika ubeti wa mwisho, ukaisha. Makofi yakaisha. Kwenye utulivu uliofuata, bila kipaza sauti, sauti nyembamba, nzito kwa kazi, ilikuwa bado inasukuma neno mbele, silabi kwa silabi, huku mbuzi akivuka daraja. Ikafika kwenye nukta. Mitchelle alilowesha kidole kwa mate, hedimasta akitazama, wageni wote wakitazama, akakishika kile kitabu kipya kisicho na doa, akafunua ukurasa.